Paka kala sumu? Usisubiri aanze kuumwa, na hayo maziwa yaache kwanza

Umeingia chumbani ukakuta pakiti ya vidonge imetafunwa pembeni, kidonge kimoja hakionekani, na paka mwenyewe kakaa dirishani anajilamba mguu kama vile hajui lolote. Hapo watu wengi huwa wanafanya moja kati ya mambo mawili. Kuna yule anayemwangalia paka akaona mbona mzima tu, anasema ngoja tuone mpaka kesho. Na kuna yule anayekimbia jikoni analeta maziwa, au mafuta, au maji ya chumvi, anamkaba paka anaanza kumnywesha. Wote nia yao nzuri na wote wanakosea, na ndiyo nataka nielezee kwa nini, maana ukishaelewa kinachoendelea ndani ya mwili wa paka huna haja ya kukariri orodha ndefu ya vitu vya hatari ambayo hata ukiikariri ukishapaniki utaisahau yote.

Ila kama uko hapa kwa sababu paka wako kala kitu dakika chache zilizopita, basi usisome mpaka mwisho. Kiondoe kitu chenyewe asikirudie, mfungie paka chumba kimoja ili asipotee, shika pakiti au chupa au kipande cha mmea mkononi, halafu mpigie daktari wa wanyama umwambie paka ana kilo ngapi, kala nini, kiasi gani na saa ngapi. Usimtapishe. Usimpe kitu chochote mdomoni mpaka uambiwe. Nenda, haya mengine utayasoma ukirudi.

Haya, tuliobaki tuendelee.

Kitu cha kwanza cha kuelewa ni kwamba paka si mbwa mdogo na wala si mtoto mwenye manyoya. Ini la binadamu lina njia kadhaa za kutoa dawa mwilini, mojawapo ni kuibandikia dawa kitu cha jamii ya sukari ili iyeyuke kwenye maji, ikishayeyuka inatoka na mkojo, kazi imeisha. Kwa paka njia hiyo ni mbovu sana, jeni (ile sehemu ya urithi) inayotengeneza kimeng'enya muhimu cha kazi hiyo imeharibika tangu enzi za mababu zake, na wanasayansi wanadhani ni kwa sababu wanyama hawa wameishi kwa nyama tupu vizazi na vizazi kwa hiyo hawakuwa na haja ya kupambana na kemikali za mimea. Kwa hiyo dawa ambayo kwako wewe inapita tu, kwa paka inabaki inazunguka, na mwili unaanza kuisukuma kwenye njia nyingine ambazo zinazalisha kitu kibaya kuliko dawa yenyewe.

Parasetamoli ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Chukua kidonge cha kawaida cha miligramu 500, mpe paka wa kilo 4, hiyo ni miligramu 125 kwa kila kilo ya mwili wake. Kwa mtu mzima wa kilo 60 ni sawasawa na kumeza vidonge 15 kwa mpigo. Na hapo bado sijasema kwamba paka wameshaonekana wakiumwa kwa miligramu 10 tu kwa kilo, yaani kipande cha kidonge kisichofika hata moja ya kumi. Halafu kuna tatizo la pili juu ya hilo la ini: damu ya paka ni rahisi kushambuliwa. Hemoglobini, ile protini inayobeba oksijeni, kwa paka ina sehemu 8 zinazoweza kuharibiwa na kemikali za namna hii, mbwa ana 4, binadamu ana 2. Zikishashambuliwa damu inabadilika rangi inakuwa kama chokoleti na haibebi tena oksijeni vizuri, ndiyo unaona fizi zimekuwa za kahawia au za bluu, anahema haraka, uso na nyayo zinavimba. Dawa ya kuzimua ipo, inaitwa asetilisisteini, lakini inafanya kazi vizuri ikiwahi. Na paka wengi wanaokufa kwa parasetamoli hawakuiiba, walipewa na mwenye paka aliyeona mnyama wake ana maumivu akamwonea huruma. Aibuprofeni na aspirini nazo usijaribu, mwili wa paka unachukua muda mrefu sana kuzitoa na zinaharibu tumbo na figo.

Vitunguu na vitunguu saumu vinafuata mkondo huohuo wa kushambulia damu. Vibichi, vilivyopikwa, vilivyosagwa kuwa unga, vyote sawa tu, tena unga ndio mkali zaidi kwa sababu umejaa kwenye kijiko kidogo. Kiasi kinachotajwa ni kama gramu 5 kwa kilo, kwa hiyo paka wa kilo 4 anahitaji gramu 20 tu, kipande. Sema hii haikimbii, chembe nyekundu za damu zinapasuka taratibu na unaweza kuona paka amechoka, fizi zimepauka, mkojo mwekundu, siku kadhaa baada ya mlo ambao umeshausahau.

Na hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwenye hiyo habari ya muda. Watu wanauliza "hiki ni sumu au si sumu?" wakati swali la maana ni "saa ya hiki kitu inakwendaje?" Kila sumu ina saa yake. Kuna zinazojionyesha ndani ya dakika au masaa machache, kuna zinazokaa kimya siku tatu, na kuna zile mbaya kuliko zote, zinazojionyesha halafu zinajificha. Paka anayetapika na kutoa udenda mbele yako unaweza kumkuta kesho anakula vizuri, na yule anayejilamba dirishani ndiye figo zake zinakufa. Ukichanganya na tabia ya paka mwenyewe, ambaye kuficha ugonjwa ni asili yake, utaona kwa nini "mbona mzima tu" ni kipimo kisicho na maana.

Hilo la kujificha mfano wake ni maua ya lili. Yale makubwa yanayofunguka kama tarumbeta na katikati yana vijiti vyenye unga wa rangi ya chungwa au kahawia, watu wanayaweka kwenye chombo cha maua mezani. Kwa paka hakuna sehemu salama kwenye hilo ua: jani, petali, unga, hata maji ya ndani ya chombo chake. Paka anapita anaguswa na ua, unga unabaki kwenye manyoya, baadaye anajilamba, imetosha. Ndani ya masaa machache anatapika, anakataa chakula, analala. Halafu kutapika kunakoma. Hapo mwenye paka anapumua, anasema imepita. Haijapita, maana figo zinaanza kufa na kati ya saa 24 mpaka 72 zinakuwa zimegoma kabisa. Paka aliyewekewa dripu mapema, kabla ya saa 18 hivi kupita, ana nafasi nzuri sana ya kupona, na aliyepelekwa siku ya pili au ya tatu mara nyingi hakuna la kufanya. Mbwa akila lili hiyohiyo anaumwa tumbo basi. Na mpaka leo kemikali yenyewe inayofanya hivyo haijatambuliwa, tunajua tu inachofanya.

Tatizo jingine la lili ni jina. Kuna mimea mingine inaitwa lili na wala si ndugu, ina vifuwele vidogo kama sindano vinavyochoma mdomo, paka anatoa udenda na kujikwaruza uso kwa mguu, inauma lakini figo haziguswi. Na kuna mmea kama poinsettia ambao umechafuliwa jina kupita kiasi, mara nyingi unaishia kuchafua tumbo tu. Kwa hiyo usitegemee jina uliloambiwa na muuzaji wala la rafiki, piga picha jani na ua, peleka na kipande.

Maji ya rejeta ya gari, kulanti, yana saa ya namna hiyohiyo. Ndani kuna ethileni glaikoli, na kijiko kimoja hivi cha chai cha ile kali isiyochanganywa na maji kinaweza kumuua paka. Anaanza kuyumba kama mlevi, anakunywa maji sana, anakojoa sana, halafu anaonekana kurudi kwenye hali yake, halafu figo. Dawa ya kuzimua kwa paka inatakiwa ianze ndani ya masaa 3 hivi, mbwa ana muda zaidi. Huwa inasemwa wanyama wanaifuata kwa sababu ni tamu, kwa mbwa sawa, lakini paka hana uwezo wa kuonja utamu hata kidogo, jeni ya kuonja sukari haifanyi kazi kwake. Anailamba kwa sababu nyingine, au kaikanyaga akajilamba miguu. (Ndiyo sababu pia chokoleti, japo ni sumu kwake, si tatizo kubwa kama kwa mbwa, paka wengi hawana haja nayo.)

Za kukaa kimya ni sumu ya panya, ile ya kuzuia damu isigande. Paka akiila leo anaweza asionyeshe chochote siku mbili tatu nne, kwa sababu mwili bado unatumia akiba ya vitu vya kugandishia damu ilionayo, akiba ikiisha ndiyo damu inaanza kuvuja kifuani, tumboni, kwenye viungo. Unamwona anahema kwa shida au anachechemea na hukumbuki hata kama kulikuwa na chambo stoo. Ikiwahiwa inatibika vizuri kwa vitamini K1, wiki kadhaa za vidonge. Ila usije ukasikia hivyo ukadhani sumu zote za panya ni za aina hiyo. Kuna yenye zinki fosfaidi ambayo ikikutana na asidi ya tumbo inatoa gesi, paka akitapika ndani ya gari gesi inawaingia na nyinyi, fungueni madirisha. Kuna nyingine zinashambulia ubongo, nyingine zinapandisha kalsiamu mpaka figo zinaharibika, na kwa macho ni vijitofali vya rangi tu vyote. Ndiyo maana pakiti ni muhimu kuliko maelezo yako. Kama alikula panya aliyekula sumu, mwambie daktari hivyo pia, hatari ipo lakini kwa kawaida ni ndogo kuliko kula chambo chenyewe.

Zinazokimbia ni dawa za wadudu. Hapa kuna kosa moja linaua paka wengi na halihusiani na kula: dawa ya viroboto ya mbwa, ile ya kudondoshea shingoni, ukimwekea paka. Nyingi zina permethrini, mbwa inampita, paka ini lile tulilosema linashindwa, ndani ya masaa anaanza kutetemeka masikio, ngozi, mwili mzima, mpaka degedege. Hapa kama bado hajaanza kutetemeka kuna kitu unaweza kufanya mwenyewe baada ya kupiga simu: muoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, suuza, mkaushe vizuri asipate baridi. Sio maji ya moto, yanapanua mishipa ya ngozi dawa inaingia zaidi. Akishaanza kutetemeka usipoteze muda na kuosha, nenda. Dawa za kupulizia mimea za jamii ya organofosfeti zenyewe zinamwaga kila kitu, mate, machozi, mkojo, kuhara, mboni zinakuwa ndogo kama tundu la sindano, na hiyo ni ya kukimbia bila hata kuvaa viatu.

Umeona lakini, kwa paka mpaka kati ya "alikula" na "aliguswa" haupo. Kinachodondoka kwenye manyoya kitaishia tumboni. Dawa za kusafishia sakafu ni hivyohivyo, paka anapita pakiwa pabichi, anajilamba nyayo, jioni unakuta ulimi una vidonda na hataki kula.

Sasa turudi kwa yule wa jikoni.

Kutapisha nyumbani. Kwa paka hakuna njia salama ya kufanya hivyo mwenyewe, na hapa sibembelezi. Haidrojeni peroksaidi ambayo wenye mbwa huwa wanaelekezwa na daktari, kwa paka inaunguza ukuta wa tumbo mpaka damu. Chumvi inapandisha sodiamu kwenye damu, unaweza kumletea degedege ambalo sumu yenyewe isingemletea. Kidole kooni utang'atwa na utamjeruhi. Na hata angetapika, kama alichokunywa ni kitu cha kuunguza basi kinaunguza koo mara ya pili kikirudi, kama ni mafuta ya taa au petroli kinaingia kwenye mapafu, kama ameshalegea anapaliwa. Daktari ana sindano za kumtapisha paka na anajua lini asimtapishe, na mara nyingi faida ipo ndani ya saa moja au mbili za mwanzo, kwa hiyo kila dakika unayohangaika na kijiko cha chumvi unaikata kwenye muda wake yeye.

Maziwa hayazimui sumu. Sijui nani alianzisha lakini imekaa kwenye vichwa vya watu kama sheria. Paka wengi wakubwa hata hawamudu sukari ya maziwa, utamwongezea kuhara tu. Mafuta ndiyo mabaya zaidi, paka anayepigana na wewe huku unammiminia mafuta yanateleza yanaingia njia ya hewa na hapo sasa una paka mwenye sumu na nimonia. Mkaa nao: mkaa ulioandaliwa hospitalini, ule unaonyonya sumu, ni kitu tofauti kabisa na mkaa wa kupikia uliosagwa, na hata huo wa hospitalini haushiki kila kitu, kulanti haushiki, madini haushiki, asidi haushiki. Kuna nyakati daktari atakwambia kwenye simu umsuuze mdomo kwa maji kidogo au umpe maji anywe, kwa mfano kwa ile mimea yenye vifuwele kama sindano, sawa, fanya. Tofauti ni kwamba kasema yeye baada ya kujua ni nini.

Na kama alichokula ni uzi, utepe, au uzi wenye sindano, na unaona ncha inaning'inia mdomoni au nyuma, usivute. Hiyo si sumu lakini ukivuta uzi ulionasa kwenye utumbo unaukata utumbo kama waya unavyokata sabuni.

Kwenye simu sasa. Uzito wa paka ndio msingi wa hesabu yote, kama huujui simama kwenye mizani ukiwa umembeba, halafu bila yeye, toa. Kiasi, hesabu kwa hali mbaya zaidi inayowezekana: pakiti ilikuwa na vidonge 10, umeviona 7, basi kala 3 hata kama unahisi vingine vimeingia chini ya kochi. Kama paka ni wawili na hujui nani kala, kila mmoja ahesabiwe kama kala vyote. Muda, sema mara ya mwisho ulipokiona kitu kikiwa kizima na saa uliyokikuta kimeharibiwa, daktari atatumia ule wa mbali. Ugonjwa alionao na dawa anazotumia. Na usione aibu, kama alichokula ni bangi au vidonge vyako vya usingizi au vya mfadhaiko sema hivyohivyo, daktari anatafuta dozi, hatafuti mkosaji, na paka aliyekula bangi anayumba, anajikojolea, anashtuka hovyo, dalili zinazofanana na sumu nyingine mbaya zaidi, kwa hiyo ukificha anaanza kutibiwa kitu ambacho hana. Kuna nchi zina simu maalum za sumu za wanyama, Marekani kuna ASPCA Animal Poison Control Center, Uingereza kuna Animal PoisonLine, wanatoza ada lakini daktari wako mwenyewe anaweza kuwapigia akapata maelekezo ya sumu ambayo hajawahi kuiona.

Ukifika pale usishangae kama hakuna sindano moja ya miujiza. Sumu zenye dawa yake maalum ni chache, kazi kubwa ni dripu, kuzuia degedege, oksijeni, kupima damu leo na kupima tena kesho na kesho kutwa. Hiyo ya kupima tena ndiyo watu wanaikwepa kwa sababu ya gharama na kwa sababu paka anaonekana kachangamka, lakini kwa vitu vinavyokula figo kipimo cha kwanza kinaweza kuwa safi kabisa maana uharibifu bado haujaonekana kwenye damu.

Mara nyingine utaambiwa rudi naye nyumbani umwangalie. Basi mwangalie kwa vitu vinavyohesabika. Akiwa amelala hesabu kifua kinapanda mara ngapi kwa dakika, chini ya 30 ni kawaida, ikizidi 40 akiwa ametulia piga simu. Inua mdomo uone fizi, ziwe na rangi ya waridi, zikiwa nyeupe au bluu au kahawia au za njano hapo hakuna kusubiri asubuhi. Angalia mchanga wake wa choo, mkojo upo, umezidi, au hakuna kabisa, na hakuna kabisa ndiyo mbaya. Na chakula: usimlazimishe, ila asipokula kabisa siku nzima mrudishie daktari habari, kwa sababu paka akikaa na njaa siku chache, hasa akiwa mnene, mafuta yanahamia kwenye ini kwa wingi na ini linagoma, unakuwa umemvusha kwenye sumu halafu anakufia kwa njaa.